Picha Moja Haisemi Kama Mfupa wa Taya Bado Unalika

Karatasi nyingi za maombi ya picha zinazonifikia huwa na mstari mmoja tu: "Angalia kiungo cha taya." Hazitaji upande, hazina historia wala swali. Nasoma picha za taya kila siku ya kazi, na swali ambalo ningependa kulikuta limeandikwa pale ni hili: mfupa huu unalika sasa hivi, au ulilika zamani ukatulia? Kila jibu linampeleka mgonjwa njia yake. Ukiwa umetulia, daktari anaweza kuendelea na kazi: apange meno, atie meno bandia, hata afanye upasuaji wa kurekebisha taya. Ukiwa bado unalika, kazi yote hiyo itavurugika, maana taya la chini litazidi kufupika wakati meno yameshapangwa kwa vipimo vya jana.

Kwa bahati mbaya, hilo ndilo swali ambalo picha moja, iwe nzuri namna gani, hulijibu kwa shida. Namwandikia mgonjwa aliyeambiwa "mfupa wa kiungo chako umelika" akatoka na CD mkononi bila kujua habari hiyo aipeleke wapi. Namwandikia pia daktari wa meno anayeandika ule mstari mmoja.

Weka vidole mbele ya masikio yako, kisha fungua mdomo polepole. Kile unachokihisi kikitembea chini ya ngozi ni kichwa cha taya, ambacho kazini tunakiita kondili. Ni kidogo. Upana wake, kutoka upande wa nje hadi wa ndani, ni kama milimita 20, na unene wake kutoka mbele kwenda nyuma ni nusu ya hapo. Kinakaa ndani ya kishimo cha mfupa wa fuvu, na kati yao kuna diski laini ya nyuzinyuzi. Mdomo ukianza kufunguka kichwa huzunguka palepale; ukiendelea, huteleza mbele na kushuka chini ya kilima kidogo cha mfupa. Viungo viko viwili, lakini vyote vimeshikamana na mfupa mmoja, kwa hiyo upande mmoja ukiharibika wa pili nao unaweza kuathirika.

Mfupa huu hujibomoa na kujijenga maisha yote, na hilo ni jambo la afya. Shida huanza pale kubomoa kunapozidi kujenga. Sababu ni nyingi: diski iliyohama, jeraha, uchakavu wa kiungo, baridi yabisi. Kuna pia hali inayowapata zaidi wasichana na wanawake vijana ambapo vichwa vyote viwili hupungua bila chanzo kinachojulikana. Kidevu hurudi nyuma taratibu, meno ya mbele huacha kukutana, na mtu hujikuta anaweza kutafuna kwa magego tu. Wengine hugundua walipojilinganisha na picha yao ya zamani. Maumivu huwa kidogo, au hayapo kabisa.

Picha ya kwanza ambayo karibu kila mtu hupigwa ni panorama, ile eksirei ambayo mashine inazunguka kichwa na kutoa meno yote katika picha moja ndefu. Msingi wake uliwekwa na Yrjö Paatero wa Finland katikati ya karne iliyopita, na kwa meno na mataya kwa jumla ni picha yenye faida kubwa. Kwa kondili ni picha dhaifu. Miale hupita mshazari, mfupa wa shavu na sakafu ya fuvu huweka vivuli juu yake, na mgonjwa hupigwa akiwa ameuma kijiti kwa meno ya mbele, hivyo taya lenyewe haliko mahali pake pa kawaida. Isitoshe, mfupa lazima upoteze sehemu kubwa ya madini yake kabla eksirei ya kawaida haijaonyesha pengo. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Marekani uliolinganisha panorama, MRI (picha ya sumaku) na CT (eksirei inayoonyesha mwili kipande kwa kipande) kwa watu walewale. Kwa CT kama kipimo cha ukweli, panorama ilikamata takriban robo tu ya viungo vyenye uchakavu, na MRI ikakamata kama asilimia 60. Ila panorama iliposema kuna ugonjwa, mara nyingi kweli ulikuwepo.

Hapo ndipo ninapoomba wenzangu wawe makini na maneno yao. Panorama ikionyesha kondili imelika upande mmoja, iamini, kisha utafute picha bora. Ikionyesha kondili nzuri, usimwambie mgonjwa kwamba kiungo chake ni kizima. Mwambie kwamba picha hii haikuona tatizo, na kama meno yanabadilisha mkutano wao, endelea kutafuta.

Picha bora kwa mfupa ni CT, na kwa taya siku hizi ni ile ya mwale wa koni, iliyoingia kwenye kazi za meno mwishoni mwa miaka ya 1990 kutoka Italia na Japani. Mashine huzunguka kichwa mara moja kwa sekunde chache, kisha kompyuta hujenga mchemraba wa nukta ndogondogo, kila moja sehemu ya kumi hadi sehemu nne za kumi za milimita. Kwa kiungo cha taya napenda nukta za milimita 0.2 au chini ya hapo, meno yakiwa yamekutana, na eneo dogo linaloshika viungo vyote viwili. Daima viwili, hata kama mgonjwa analalamikia kimoja.

Sasa nikuonyeshe ninavyousoma mchemraba huo, kwa kuwa makosa mengi hutokea hapa. Kondili haikukaa sambamba na mstari wa uso. Ncha yake ya ndani imerudi nyuma kidogo, kwa digrii 20 hivi kwa watu wengi. Mtu akifungua picha na kuzipitia jinsi mashine ilivyozipanga, anaikata kondili mshazari. Gogo ukilikata mshazari, duara lake hugeuka yai, na kondili nayo hivyohivyo hupata umbo ambalo halipo. Kwa hiyo kwanza naitafuta kondili kutoka juu, nachora mstari kupitia ncha zake mbili, kisha nakata upya kwa kufuata mstari ule na kwa kuukingama. Kulia peke yake, kushoto peke yake, kwa sababu pembe zao mara nyingi hazifanani.

Kisha nafuata ganda. Juu ya kila kondili ya mtu mzima kuna mstari mweupe mwembamba, ganda gumu la nje la mfupa. Naanzia nyuma, napanda juu, nashuka mbele, kipande baada ya kipande kuelekea ndani. Natafuta mahali mstari unapokatika. Ukikatika kwenye kipande kimoja tu huenda ni mzaha wa nukta. Ukikatika kwenye vipande vitatu au vinne mfululizo, na ukaonekana hata kwenye mkato wa kukingama, basi ganda limemomonyoka. Hapo narudi polepole kuangalia kingo za pengo. Kama kingo zimefifia, kana kwamba mfupa unayeyukia kwenye kijivu, nashuku ugonjwa ulio hai. Kama pengo limefunikwa na ganda jipya, jeupe, laini, nashuku jeraha la zamani lililopona kwa umbo jingine. Nasema nashuku, kwa makusudi.

Vigezo vya kimataifa vinavyotumika sana vinahesabu dalili nne za uchakavu wa kiungo: ganda kumomonyoka, vishimo chini ya ganda, kichomozo cha mfupa ukingoni, na mfupa mzima wa kichwa kuwa mgumu na mweupe kupita kiasi. Kubapa kidogo kwa kondili, au weupe mwembamba chini ya ganda pekee, havitoshi. Vinaweza kuwa umri, au namna kiungo kilivyozoea mzigo wake. Ninakutana na ripoti nyingi zinazomtisha mtu kwa neno "uchakavu" wakati kilichoonekana ni ubapa tu. Mtu huyo anarudi nyumbani akiogopa kufungua mdomo, na hofu hiyo yenyewe huongeza maumivu.

Wapo pia vijana. Ganda la juu la kondili huwa halijakamilika katika ujana. Kwa wengi hukamilika wanapoingia miaka ya ishirini. Kijana wa miaka 14 mwenye mstari mwembamba, uliofifia, anaweza kuwa mzima kabisa. Msomaji asiyeangalia umri kwenye kona ya picha ataandika kwamba mfupa umelika. Ndiyo maana umri huwa nauangalia kabla ya kitu kingine chochote.

Swali jingine ninaloulizwa mara kwa mara: "Daktari, si upime tu ugumu wa mfupa tuone namba?" Kwenye CT ya hospitali kila nukta ina namba ya msongamano, kwa kipimo kilichopewa jina la Godfrey Hounsfield, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack kwa kazi iliyozaa CT. Kwenye CT ya koni namba hizo huyumba. Hubadilika kutegemea mashine, ukubwa wa eneo lililopigwa, hata mahali kichwa kilipokaa. Programu itakuonyesha namba ukibofya, lakini namba ya kondili hii leo usiilinganishe na namba ya mwaka jana kwenye mashine nyingine ukasema mfupa umepungua. Umbo la kiungo kwenye CT ya koni naliamini, namba za rangi yake ya kijivu siziamini.

MRI ina kazi yake, na siyo ya kushindana na CT. CT inaona mfupa mgumu. Diski haioni, wala maji kwenye kiungo, wala uvimbe wa utando. MRI inaviona vyote hivyo, na inaona maji ndani ya uboho wa kondili, ambayo wakati mwingine hutangulia ganda kuvunjika. Haitumii mionzi. Hupigwa mdomo ukiwa umefungwa, kisha ukiwa wazi, ili tuone kama diski inarudi mahali pake.

Kwa watoto wenye baridi yabisi ya utotoni, ile inayoanza kabla ya kutimiza miaka 16, MRI yenye dawa ya gadolinia, inayodungwa ili uvimbe uonekane wazi, ndiyo picha ninayoitetea kwa nguvu zote. Kiungo cha taya cha mtoto huyu kinaweza kuungua kwa uvimbe bila mtoto kulia hata siku moja. Na sehemu inayosaidia taya la chini kukua iko juu kabisa ya kondili, chini ya tabaka jembamba, karibu sana na uvimbe huo. CT inapokuja kuonyesha pengo kwenye mfupa, ukuaji umeshaibiwa. Mtoto anayetibiwa magoti na vifundo huku hakuna aliyemwangalia taya ni jambo linaloniumiza kila ninapoliona, kwa sababu kumpima ufunguaji wa mdomo ni kazi ya dakika moja na rula.

Kuna skani ya mfupa pia, ile ya kudungwa teknesiamu-99m, dutu ya mionzi ambayo nguvu yake hupungua nusu kila baada ya saa 6. Upande unaong'aa zaidi una shughuli zaidi. Lakini shughuli yenyewe ni mfupa unaojengwa, na mfupa hujengwa wakati wa kukua, wakati wa kupona, na pia pembeni ya mahali unapolika. Mng'ao peke yake hauniambii mfupa unakwenda upande gani. Naikubali kama nyongeza, hasa pale upande mmoja wa taya unapokua kupita kiasi, lakini kwa swali letu la kulika siiweki mbele.

Kwa hiyo tunarudi kwenye muda. Chukua binti wa miaka 19 aliyeletwa na mama yake kabla ya kuanza kupangwa meno. Panorama inaonyesha kondili fupi pande zote mbili. CT ya koni inaonyesha vichwa vilivyobapa, ganda la kulia limekamilika, la kushoto lina pengo dogo upande wa mbele, kingo zake nusu zimefifia. Mama anauliza, "Sasa, daktari, ugonjwa upo au umeisha?" Jibu la kweli ni: "Mama, picha hii inatuambia mfupa ulipofika. Kama unaendelea kulika au umesimama, tutajua tukiipiga picha tena kwa namna hiihii." Wengi hawalipendi jibu hilo. Wamekuja na haraka, na kusubiri kunaonekana kama kukwepa. Lakini kati ya kusubiri mwaka na kufanyiwa upasuaji wa taya juu ya kondili inayoyeyuka, mimi najua ningemchagulia nini binti yangu.

Katika kipindi hicho kuna vipimo visivyo na mionzi vinavyofanya kazi nzuri: nakala ya meno (umbo lake lililonakiliwa kwa plasta au kwa kompyuta) kila baada ya miezi michache, picha za uso kutoka mbele na pembeni, rula ya kupimia pengo la meno ya mbele na upana wa mdomo. Nakala za meno zikioana miezi yote, hiyo ni habari njema kabla hata ya picha ya pili. Pengo likipanuka, picha ya pili isicheleweshwe.

Picha ya pili inapofika, kuzitazama mbili bega kwa bega hakutoshi. Jicho hudanganyika na tofauti ndogo ya kichwa kuinama. Njia inayoaminika ni kuzilaza picha moja juu ya nyingine kwenye kompyuta kwa kutumia sehemu isiyobadilika. Kwa mtu mzima tunatumia sakafu ya fuvu tukitaka kujua taya limehama wapi, au mwili wa taya lenyewe tukitaka kuona umbo la kondili limebadilikaje. Zipo programu za bure za kazi hii, 3D Slicer ikiwa mojawapo. Kompyuta hutoa kondili yenye rangi, kwa kawaida nyekundu na buluu, kuonyesha mfupa ulipoongezeka na ulipopungua.

Rangi hizo huwavutia watu, nami nawaomba waangalie kwanza kipimo kilichoandikwa pembeni. Nikiwa na nukta za milimita 0.3, tofauti ya milimita 0.3 siiiti upungufu wa mfupa. Inaweza kuwa ulazaji wa picha ulioteleza kidogo, au mgonjwa aliyemeza mate wakati mashine inazunguka. Nataka tofauti ipite ukubwa wa nukta kwa wazi, iwe mahali palepale ambapo ganda lilikuwa limekatika, na ikubaliane na kile meno yanachoonyesha. Vitu hivyo vitatu vikikubaliana, naandika bila kusita kwamba mfupa unaendelea kulika. Kimoja kikipinga, naandika kwamba kinapinga.

Mionzi nayo ina haki ya kutajwa. Kwa maikrosievati, kipimo cha mionzi inayoupata mwili, panorama moja ni chache hadi makumi machache. CT ya koni huanzia makumi na kufika mamia, kutegemea mashine na ukubwa wa eneo. Kwa kulinganisha, mwanadamu hupokea kutoka kwenye mazingira wastani wa maikrosievati 2,400 kwa mwaka. Si kiasi cha kumtisha mtu mwenye sababu ya kupigwa picha, ila ni sababu ya kutosha kukataa kurudia picha kila miezi mitatu kwa sababu tu mashine ipo. Kwa kijana nakuwa mkali zaidi: eneo dogo, na picha ya pili iwe na swali lake.

Halafu maumivu. Nimeona kondili zilizolika vibaya kwa watu waliokuja kung'olewa jino la busara tu, hawajawahi kulalamikia kiungo. Nimeona pia kondili safi kabisa kwa watu wasioweza kulala kwa maumivu, ambao tatizo lao liko kwenye misuli ya kutafunia. Uhusiano kati ya picha na maumivu kwenye kiungo hiki ni hafifu, na hilo limeonekana tena na tena. Ndiyo maana sipendi picha ipigwe kabla mtu hajashikwa misuli, hajapimwa mdomo, hajasikilizwa. Kwa upande mwingine, ukimya wa maumivu usitumike kama ushahidi wa usalama. Katika miaka ya 1980 watu wengi nchini Marekani waliwekewa diski bandia zenye Tefloni kwenye kiungo cha taya. Zilivunjikavunjika, na vipande vyake vikachochea mwili kuula mfupa wa kondili, kwa wengine hadi kwenye kishimo cha fuvu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mamlaka ziliziondoa sokoni, na waliokuwa nazo wakatakiwa kufuatiliwa kwa picha hata kama hawahisi chochote.

Sasa nirudi kwa yule mwenye CD mkononi. Usiikubali karatasi iliyochapwa peke yake. Omba faili zenyewe, zile za DICOM (muundo wa kompyuta wa kuhifadhi picha za hospitali), mchemraba mzima, kwa sababu bila hizo hakuna atakayeweza kukata upya wala kulaza picha yako juu ya ile ijayo. Nakili mahali pengine pia, kwa kuwa vituo vingi havitunzi faili milele. Ukienda kupiga ya pili, nenda nayo ya kwanza, na uombe itumike mashine ileile na mipangilio ileile kama inawezekana. Na daktari, ule mstari mmoja uuongeze hivi: ni upande gani, mkutano wa meno umebadilika tangu lini, mgonjwa ana ugonjwa wowote wa viungo, na unakusudia kumfanyia nini baada ya hapo. Nikijua kwamba upasuaji umepangwa mwezi ujao, nitausoma ukingo wa pengo lile kwa jicho jingine, na huenda nikakupigia simu kabla sijaandika chochote.